Mizani ya Dobi

4 Machi

Mdogo wangu Mwalimu,

Nimefika salama, mgongo ndio uliochelewa. Naandika kwa sababu simu ya nyumbani kwako ina masikio mengi. Nikikwambia jambo mama anajibu, mkeo anaongezea, pacha wanalia, na wewe mgonjwa hupati hata nafasi ya kukohoa. Dereva wa gari la sabuni akishatushushia mzigo hapa hotelini hupita huko kwenu, na amekubali kuwa tarishi wetu. Mdomo wake haufungi vizuri, kwa hiyo bahasha nimeibandika kwa gundi ya lebo za taulo.

Basi daktari ameshatamka. Figo yangu inakufaa. Damu zetu zimepatana kuliko sisi wenyewe tulivyowahi kupatana. Kilichobaki ni huu mwili. "Mama, punguza kwanza uzito, ndipo tukupasue," alinambia, huku ananiangalia kama kabati lisilopita mlangoni. Sikukasirika. Kabati lenyewe ni lako, ukitaka nilipasue mbao nitalipasua.

Ile programu uliyoniwekea kwenye simu nimeanza kuizoea. Asubuhi naiandikia mkate na chai, mchana wali na maharage, na yenyewe inapunguza kwenye kalori ilizoniruhusu kwa siku hiyo. Kuna sehemu ya mazoezi. Nikajiuliza, mimi mazoezi nitayafanya saa ngapi, baada ya kufua au kabla ya kuanika? Nikaandika: kukamua mablanketi. Haikuelewa. Nikatafuta maneno inayoyajua yenyewe: kunyanyua vitu vizito, kusukuma, kupanda ngazi na mzigo. Loo! Ikanirudishia kalori tele kwa rangi ya kijani, na juu yake ikaniandikia "Hongera". Mwalimu, miaka yote niliyofua kwenye hoteli hii hakuna mtu aliyewahi kuniambia hongera. Nilimwonyesha hata mlinzi.

Habari nyingine ni ya mpiga pasi wetu, yule mwembamba. Alipasuliwa henia, msimamizi akampelekea matunda hospitalini, sote tukasema kumbe bwana yule ana utu. Aliporudi akakuta mtu mwingine ameshika pasi yake. Kumbe yale matunda yalikuwa ya kumuaga. Tulicheka sana, maana ukilia shuka zinaloa tena.

Mwambie mama nakula kwa mpangilio. Wewe vumilia mashine yako. Figo ipo njiani, ila inakuja kwa miguu.

Dada yako,
Dobi


17 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako ilifika inanukia sabuni, pacha wakaigombania wainuse. Niliisoma nikiwa kwenye kiti cha mashine ya kusafisha damu, jirani yangu akadhani nina kichaa kwa jinsi nilivyokuwa nacheka peke yangu. Mashine yenyewe unaijua. Nikitoka pale nakuwa kama shuka lililotoka mikononi mwako, safi, limekamuliwa, haliwezi kusimama lenyewe. Shuleni wamempa darasa langu mwalimu wa historia. Watoto wananiambia anafundisha hesabu kama anasimulia vita, namba zinashindana na hakuna anayejua nani kashinda.

Kuhusu kuandika kazi yako kama mazoezi, uko sawa kabisa. Mazoezi ni nini kama si mwili kuhangaika? Wapo wanaolipa ili wapewe vyuma vya kunyanyua, wewe unanyanyua bure mablanketi yaliyolowa. Andika kila kitu, usiionee simu haya. Na kile inachokuruhusu kula, ukile. Sitaki figo iliyoshindishwa njaa, itakuja kwangu na kinyongo. Hesabu hazidanganyi, dada. Nimefundisha miaka yote na sijawahi kuona jumla ikimwonea mtu.

Mama hajambo. Mama Pacha anakusalimu. Haongei sana siku hizi, anapika, ananipima maji ya kunywa, anakaa mlangoni. Najua anakusubiri wewe.

Mdogo wako,
Mwalimu


29 Aprili

Mdogo wangu,

Nimetoka kwa muuza dawa wa mtaani kwetu, ambaye ana mizani nzuri ya kusimama. Mshale upo palepale. Hapana, nisikudanganye wewe: umepanda kidogo. Nilivua viatu, nikavua koti, nikatoa funguo mfukoni. Nikamwomba muuza dawa naye apande, akapanda, akasema yeye yuko sawa na mizani yake iko sawa. Nilitamani kuipiga teke.

Sasa nieleze wewe msomi, maana mimi nimefika mwisho. Lifti ya mizigo imekufa tangu mwezi uliopita na msimamizi anasema fundi anakuja kila siku. Kwa hiyo shuka za ghorofa zote nashuka nazo kwa bega, nafua, nakamua yale mablanketi mazito yanayokataa kuingia kwenye mashine, kisha napanda nayo hadi juu ya paa kuanika. Mvua ikitishia, nayashusha. Jua likirudi, nayapandisha. Jioni vidole havikunji, nashindwa kufungua komeo. Yote hayo naiandikia simu, nayo inanipa kijani na hongera, inaniambia leo bado una nafasi ya kula. Na mimi njaa ninayo, Mwalimu, njaa ya mtu aliyebeba. Kwa hiyo nakula ninachoruhusiwa, sizidishi hata kijiko.

Juzi ilinibakishia kalori za kutosha. Mpishi alikuwa na kipande cha keki kilichorudi kutoka kwenye harusi ya wageni, nikakila pale mlango wa nyuma wa jiko, nimesimama, nikiwa nimefurahi kama mtoto. Dereva wa sabuni akanikuta, akacheka, nami nikacheka. Keki nayo niliiandika.

Mama alipiga simu jana. Hakunisalimu. Aliuliza, "Umepungua?" Nikasema bado. Akakata.

Niambie nakosea wapi.

Dobi


12 Mei

Wifi,

Salamu utazipata siku nyingine.

Dereva wa sabuni amekunywa chai hapa kwangu. Mama mkwe akamuuliza habari zako, naye kwa nia njema kabisa akasema, "Dada yenu hana shida, nimemwacha mlango wa jikoni anakula keki na kucheka." Mama mkwe aliinuka akaenda chumbani, na hadi naandika hajatoka.

Nataka nikueleze huyo mdogo wako, ambaye sasa ni wangu, anaishije. Daktari amemkatazia maji, kwa sababu hayatoki. Anakunywa kwa kifuniko cha chupa. Nakijaza, anakunywa, anakiangalia, ananirudishia. Miguu imevimba hadi viatu vyake vya kazini nimeviweka juu ya kabati asivione. Usiku analala ameketi. Pacha wamejifunza kucheza bila kelele, na watoto wa umri ule hawatakiwi kujua kucheza bila kelele.

Wewe miezi inakwenda na huna ulichopunguza. Wifi, kama hutaki kutoa, sema. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kutoa kiungo chake, na mimi sitakulaani. Sema hutaki, ili nianze kugonga milango mingine wakati bado ana pumzi. Lakini usijifiche nyuma ya mafuta yako halafu utuambie unajitahidi.

Mama Pacha


18 Mei

Mama Pacha,

Keki niliila. Nilicheka pia. Nilikuwa sijui kwamba kucheka nako nitaletewa barua.

Kabla hujalijua jina la huyo unayemwita wako, mimi nilishambeba mgongoni. Alikojoa kwenye mgongo huu huu unaoambiwa una mafuta. Siku mama alipokuwa amelazwa, nani aliyekuwa akimtafunia chakula? Usinifundishe kumpenda.

Sili ovyo. Nakula alichoniambia yeye nile, na naandika alichoniambia yeye niandike. Simu aliiweka yeye, hesabu ni zake, na akasema hazidanganyi. Kama kuna kosa, mimi ni mfuaji, silijui. Muulize yeye. Mkalishe akuonyeshe hesabu zake zote moja moja, kisha uniandikie uniombe radhi.

Wifi yako


27 Mei

Dada, shikamoo.

Mama Pacha ameniletea barua yako na kunikalisha kweli, kama ulivyoagiza. Nimeiweka programu ileile kwenye simu yangu na kuipitia swali baada ya swali. Iko sawa. Nimemwambia hivyo, na wewe nakwambia hivyo. Miili inatofautiana, mwingine hupungua taratibu. Endelea hivyohivyo, usibadilishe kitu.

Samahani kwa maneno ya nyumbani. Ni hofu tu.

Nilitaka kukuuliza. Hivi huyo msimamizi wenu, mtu akilazwa, kweli hamshikii nafasi yake? Na yule mpiga pasi, alipasuliwa akaambiwa asinyanyue kitu kwa muda gani? Na binti yako pale chuo cha uuguzi, bado ana mwaka mzima au pungufu?

Nauliza tu. Kukaa kitandani kunamfanya mtu awe mbeya.

Mwalimu


24 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako ilikuwa fupi kama jibu la mtoto aliyevunja kikombe. Lakini nakujibu.

Msimamizi hashikii mtu nafasi. Mpiga pasi aliambiwa akae miezi asinyanyue hata ndoo. Binti yangu amebakiza mwaka. Najua unachokiwaza, na ukome. Nilishayawaza yote hayo siku daktari aliponipima, nikayaweka kando. Nikitoka hospitali nikakuta mtu kwenye sinki langu, nitafua majumbani, nitauza maji, nitalea watoto wa watu. Wanapasua ubavu, mikono haipasuliwi. Mtu akiwa na mikono hafi njaa.

Sasa sikiliza. Nimeiasi simu yako. Binti alikuja likizo, akaniona ninavyokula kwa kibali, akasema, "Mama, achana na hiyo hongera, kula nusu." Nikala nusu. Siku za kwanza nilikuwa naota mkate. Wiki ya pili nilianguka kwenye chumba cha pasi, mkono ukagusa chuma, ngozi ikabaki pale. Msimamizi akaniandikia onyo kwamba nimelala kazini. Nililisoma, nikalikunja, nikafutia sabuni.

Lakini mshale umeshuka, Mwalimu! Umeshuka kweli, muuza dawa ni shahidi. Aliita hadi mke wake aje aone. Wiki hii umeshuka tena. Mwambie daktari anoe kisu, mwezi wa nane napita kwenye mlango wake bila kugusa mbao. Mwambie na mama. Na huyo mkeo mwambie polepole, nataka nimwone uso.

Dada yako anayepungua,
Dobi


15 Julai

Dada, shikamoo.

Wamepima moyo. Umechoka kusukuma maji yasiyotoka. Daktari amesema hata figo ikiletwa leo kwenye sinia hawezi kunilaza mezani, maana dawa ya usingizi peke yake itanimaliza. Alisema kwa upole sana, akafunga na mlango. Kwa hiyo basi. Usishinde njaa tena, dada yangu. Kula.

Sasa kaa chini, na kama uko karibu na pasi izime kwanza.

Mwezi wa tano nilikuandikia kwamba programu iko sawa. Haikuwa sawa. Siku ile nilipokuwekea, kabla ya kitu kingine chochote, iliuliza kazi yako ni ya namna gani: ya kukaa, ya kusimama, au nzito. Nikabonyeza nzito. Nilibonyeza kwa majivuno, nilitaka hata simu ijue dada yangu si mtu wa kukaa. Kwa hiyo ilikuwa imeshakuhesabia ufuaji wako wote, na ngazi, na mablanketi, ikakuongezea chakula cha mfuaji kabla hujafua. Kisha nikasahau, nikakwambia uandike kazi yako kama mazoezi. Kila jioni ukaandika jasho lilelile mara ya pili, nayo kila jioni ikakupa chakula cha mara ya pili. Hukuwa mlafi hata siku moja. Ulikuwa mtiifu. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyejumlisha kitu kimoja mara mbili.

Niliona kosa hilo siku ileile mke wangu aliponikalisha. Nilichukua kalamu nikuandikie. Lakini asubuhi ya siku hiyo muuguzi alikuwa ametueleza jinsi mtu aliyetoa figo anavyotakiwa kukaa baadaye, na nikamkumbuka mpiga pasi na matunda yake. Nikamwona binti yako anarudi nyumbani kwa kukosa ada, sare yake kwenye mfuko. Nikakuuliza yale maswali. Majibu yako yalipokuja nilikuwa tayari nimeshayajibu mwenyewe. Nikaweka kalamu chini. Nikasema nitamwambia wiki ijayo, na wiki ijayo nikasema huenda akapatikana mtu mwingine wa kutoa.

Nisijifanye mtakatifu. Kisu nacho nilikiogopa. Sijui kiasi gani kilikuwa kukupenda na kiasi gani kilikuwa uoga, hiyo nimeshindwa kuipiga hesabu.

Najua walivyokuita mlafi hapa nyumbani. Nilisikia, nikanyamaza. Nilidhani jina baya litapita, ila kazi ikipotea hairudi.

Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako


21 Julai

Mwalimu,

Barua yako nimeitupa kwenye moto wa boila la kuchemshia maji. Niliitupa kabla sijafikiri, na sasa najuta kwa sababu nitakayokwambia.

Nani alikwambia kazi hii ni ya mtu kuifia? Ni kufua! Ni mashuka ya watu nisiowajua, yenye madoa nisiyotaka kuyajua. Nilikuandikia kwa mkono huu ulioungua kwamba nimeshaiweka kando. Hata kama ulikuwa na shaka mwezi wa tano, mwezi wa sita ulikuwa na jibu langu mkononi. Ulilisoma. Ulinyamaza tena. Kumbe ulikuwa unaniuliza maswali ya nini, ya kupitisha muda?

Mimi si mtoto wa kuamuliwa. Mimi ndiye niliyekuamulia wewe shule, na viatu, na nani akupige na nani asikupige. Leo unakaa kitandani unaniamulia kwamba mkate wangu ni bora kuliko uhai wako, halafu unaniomba msamaha kana kwamba umevunja sahani.

Na jina, Mwalimu. Jina! Mama yangu mzazi ameniambia kwenye simu kwamba namtafuna mwanawe. Neno hilo, kutafuna. Wewe ulikuwa chumba cha pili, umesema mwenyewe ulisikia. Sasa kila nikitia kijiko mdomoni namsikia. Nimepungua kwa sababu chakula hakipiti, si kwa sababu ya hesabu za mtu yeyote.

Sitaki radhi zako. Nataka kitu kimoja. Mwambie mama, na umwambie mkeo, kwa mdomo wako, kwamba ulijua tangu mwezi wa tano ukanificha. Barua nimeichoma, sina cha kuonyesha, na wao hawataniamini mimi. Wewe ndiye uliyebaki na ukweli wangu. Usiende nao.

Nimekasirika kwa sababu bado upo wa kukasirikiwa. Usife kabla sijamaliza hasira zangu. Nimeomba ruhusa mwisho wa mwezi, msimamizi amekataa, nitakuja hivyohivyo.

Dada yako hata hivyo,
Dobi


19 Agosti

Mama Pacha,

Nimerudi kazini. Nilimkuta mtu kwenye sinki langu, lakini alikuwa wa muda. Msimamizi alinihurumia kwa sababu nilikuwa nimefiwa. Ndiyo hivyo, kazi ipo.

Nilichelewa kwa siku moja. Mliponipigia simu nilikuwa stendi na mfuko mkononi. Nilimkuta ameshafunikwa, na kitu nilichokuwa nimejiandaa kumwambia njia nzima nimerudi nacho.

Naandika kuhusu sahani. Siku ya mazishi watu wote walipakuliwa kidogokidogo, chakula kilikuwa hakitoshi. Mimi uliniletea sahani iliyojaa hadi inamwagika, ukaiweka mapajani kwangu mbele ya wanawake wote, ukasema, "Kula, wifi, usije ukapungua." Walionisikitikia waliinama. Walionichukia walicheka. Mama aligeuza uso ukutani. Nami nilikula, Mama Pacha. Nilikula hadi mwisho, kwa sababu ningeiacha mngesema najifanya.

Nilitaka kunyamaza kama watu wema wanavyofanya, nikashindwa. Sikiliza, na ukitaka usiamini. Mumeo alikosea kuiseti ile simu, na kosa hilo ndilo lililoninenepesha. Aliligundua mwezi wa tano, siku uliyomkalisha. Akalificha, kwa sababu aliogopa nikimpa figo nitapoteza kazi. Aliniandikia haya mwenyewe, nikaichoma barua kwa hasira. Nilimwomba akwambie kabla hajaondoka, na naona hakukwambia. Kwa hiyo utasema nimemtungia maiti. Sema. Lakini nimeshaandika, na sasa jambo hili haliko kwangu peke yangu.

Jana nilipita kwa muuza dawa. Mshale umefika pale daktari alipotaka. Mke wake alinipigia makofi, hakujua. Nimefika, wifi, na figo sina pa kuipeleka.

Dobi


27 Agosti

Wifi,

Sitasema umetunga.

Barua yako ya mwezi wa saba ilifika akiwa amelazwa, macho yake yameshaishiwa nguvu. Akaniambia nimsomee. Nilidhani ni zile barua zenu za utani, nikavuta kiti nikaanza kusoma kwa sauti. Nilisoma boila, nikasoma mashuka. Nilipofika pale pa kumwambia mkeo, ndipo nikatambua mkeo ni mimi. Nikamtazama. Akasema, "Ni kweli." Hakusema lingine siku ile, na siku zilizofuata alikuwa haongei na mtu.

Kwa hiyo sahani ile niliijaza nikijua. Nataka uelewe hivyo. Nilijua hukumla mtu, nikakupakulia.

Nilipokuwa nakuita mlafi nilikuwa na nafuu, wifi. Nilikuwa na mtu wa kumchukia, mzima, mwenye mwili, naweza kumwandikia barua. Sasa nimchukie nani? Pacha wananiuliza baba amekufa kwa nini. Niwaambie amekufa ili shangazi yao asiachishwe kazi? Ningeuza cherehani, ningeuza kitanda, ningekuweka hapa ukae bila kunyanyua kijiko hadi upone, na binti yako angemaliza chuo chake. Hakuniuliza. Mimi na watoto tulilala naye chumba kimoja, yeye akapiga hesabu yake peke yake, na sisi hakutujumlisha.

Wewe unasema aliogopa utapoteza kazi. Mimi najua kwamba alikuwa na watu wawili wa kuwasikitikia akakusikitikia wewe. Kukusamehe nimeshakusamehe, huna kosa. Kukupenda ndiko siwezi, usinidai.

Mama mkwe sijamwambia. Amezeeka ghafla na bado anakuita jina lile. Mwambie wewe ukiona inafaa, umweleze mwanawe alichagua nini. Mimi mdomo hautaki.

Nimempa dereva mfuko. Ndani kuna shuka alizofia. Nimezitoa kwenye beseni nikazirudisha, nikazitoa tena, mikono haishiki. Jirani alitaka kunisaidia nikakataa. Zina doa la damu upande wa kichwa na harufu ya dawa, utajua zinataka maji gani.

Zifue, wifi. Kazi bado unayo.

Mama Pacha